Chokaa ya Boma la Mikindani

Ndugu zangu wa Kitaya, mkifika Mtwara mjini sogeeni hadi Mikindani mkalione Boma la Wajerumani. Lilijengwa mwaka 1895. Likaja kuchakaa, likakarabatiwa, likawa hoteli. Mawe ya matumbawe na chokaa ni ujenzi wa pwani yetu tangu enzi za Kilwa. Ukuta huo hunywa unyevu wa masika, kisha huutoa kiangazi. Ukiupiga lipu ya saruji, unyevu hubaki ndani na lipu hubanduka. Nimeona ghala la korosho, nyumba ya zamani, limepigwa saruji: magunia ya ukutani yameota ukungu. Mwenyewe alilaumu mvua! Nilimshauri abandue, apige chokaa na mchanga, moja kwa tatu. Chokaa ya mifuko. Matumbawe ya baharini msichome.