Wewe ni Nani Hata Ushtaki?

Novemba 1989, Wangari Maathai alikwenda Mahakama Kuu ya Nairobi kuomba ujenzi usimamishwe. Chama cha KANU, kupitia kampuni ya gazeti lake la Kenya Times, kilitaka kusimamisha jumba la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park. Mshirika wake alikuwa Robert Maxwell, yule tajiri wa magazeti wa Uingereza. Wangari alikuwa ameshaandika barua kila pembe: ofisi ya Rais, tume iliyosimamia jiji, Umoja wa Mataifa, hadi kwa balozi wa Uingereza, akiwauliza wenyewe kama wangekubali jumba kama hilo lijengwe Hyde Park. Bungeni alichekwa na kukejeliwa. Ikabaki mahakama.

Tarehe 11 Desemba, Jaji Norbury Dugdale akaitupa kesi. Hakusema jumba ni zuri, wala hakusema bustani haina faida. Hakufika huko. Alichosema ni kwamba huyu mama hakuwa na haki ya kuileta kesi. Kampuni haikuwa imemdhuru yeye binafsi: shamba si lake, nyumba yake haivunjwi. Na kama ni umma unaoumia, basi anayeweza kuusemea umma ni Mwanasheria Mkuu.

Hebu tutulie hapo kidogo. Mwanasheria Mkuu ni wakili wa serikali. Serikali ni KANU, maana chama kilikuwa kimoja tu kisheria. Na jumba ni la nani? La KANU. Yaani mwananchi aliyetaka kuokoa bustani aliambiwa aende akamsihi wakili wa mwenye jumba amshtaki mwenye jumba. Kesho yake ilikuwa sikukuu ya Jamhuri, na Rais Moi akasimama papo hapo Uhuru Park akasema ati mwanamke anayefuata mila za Kiafrika huheshimu wanaume na hunyamaza.

Mimi si wakili, lakini huwa nasoma hukumu jinsi wengine wanavyosoma riwaya, na hii nimeirudia mara nyingi. Kanuni aliyoitumia jaji huitwa kwa Kilatini locus standi, yaani haki ya kusimama mbele ya mahakama. Tuliirithi kwa Waingereza, na si kanuni ya kijinga. Ng'ombe wa jirani wakila mahindi yangu, mwenye kushtaki ni mimi, si mpita njia aliyekasirika kwa niaba yangu. Bila kizuizi fulani, watu wenye muda na chuki wangeshtakiana kutwa kucha. Shida ni kwamba kanuni hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya mahindi. Ukiipeleka kwa hewa, mto au bustani ya jiji, inageuka kichwa chini. Kwa kuwa bustani ni ya kila mtu, hakuna mtu ambaye ni yake kiasi cha kuweza kuitetea.

Watu hupenda kusema kwamba Wangari alishinda ile vita. Alishinda, ndiyo, lakini si kwa sheria. Kelele zilifika nje ya nchi, wenye pesa wakaanza kusita, jumba likapunguzwa ghorofa kwenye michoro, halafu likafa kimyakimya. Mapema 1992 uzio uliozunguka eneo lile ukaondolewa. Nasisitiza hili kwa sababu ushindi wa namna ile hauachi njia kwa anayekuja nyuma. Mtu wa kijijini ambaye kisima chake kimetiwa sumu hana marafiki Umoja wa Mataifa. Akifika mahakamani, angesomewa uamuzi wa Dugdale.

Mabadiliko yalikuja pasipo shangwe yoyote. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, iliyoanza kutumika Januari 2000, Moi akiwa bado Ikulu, ilimpa kila mtu nchini haki ya mazingira safi. Kisha ikaongeza kwamba anayeshtaki si lazima aonyeshe kuwa yeye mwenyewe amepata hasara au anaelekea kuipata. Ni kama aliyeiandika alikuwa na hukumu ya 1989 mezani, akiijibu neno kwa neno. Katiba ya 2010 ikaiweka haki hiyo mahali ambapo Bunge haliwezi kuifuta kwa mchana mmoja: ibara ya 42 inatoa haki yenyewe, ibara ya 70 inampa yeyote ruhusa ya kwenda kortini. Tena tukapata Mahakama ya Mazingira na Ardhi, kama korti maalum.

Kama unataka kuona tofauti, nenda Lamu. Septemba 2016, NEMA iliipa kampuni ya Amu Power leseni ya kujenga mtambo wa umeme wa megawati 1,050 huko Kwasasi, wa kuchoma makaa ya mawe, si mbali na mji mkongwe ambao UNESCO iliutambua kama urithi wa dunia mwaka 2001. Kikundi cha wenyeji, Save Lamu, pamoja na wakazi watano, wakaenda kwenye Jopo la Kitaifa la Mazingira. Hakuna aliyewafukuza kwa kuwauliza wao ni nani. Wakasikilizwa.

Na walichosema kilikuwa rahisi: mliita mikutano, sawa, lakini mliiita kabla utafiti haujakamilika. Ripoti ilipotoka na kueleza moshi, majivu na maji ya moto yatakayorudi baharini, hamkurudi kutuuliza. Tarehe 26 Juni 2019 jopo likakubaliana nao na kuifuta leseni. Kumwambia mvuvi kwamba mradi unakuja si sawa na kumwuliza anaonaje kuhusu madhara yake. Jambo jingine halikupata vichwa vya habari sana: jopo lilisema pia kwamba Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 haikuzingatiwa. Sheria ile ilikuwa na miaka mitatu tu, na wengi walidhani ni ya kupamba kabati.

Tusijidharau katika hili. Aprili 2024, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, kule Strasbourg, iliamua kesi ya wanawake wazee wa Uswisi walioishtaki serikali yao kuhusu joto linaloongezeka. Chama chao, chenye wanachama zaidi ya 2,000, kilishinda. Lakini wanawake wanne walioshtaki kwa majina yao waliambiwa hawakuwa wameathirika vya kutosha wao binafsi. Nilipoisoma nilimkumbuka Dugdale. Kwa Katiba yetu, bibi mmoja wa Lamu angetosha.

Basi mlango uko wazi. Ninachokihofia sasa ni kile kinachotokea ukishaingia. Owino Uhuru, Mombasa, ni mtaa wa watu kama 3,000 ambao walipakana na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kutoa madini ya risasi. Watoto walipopimwa damu, risasi ilikuwemo. Phyllis Omido, aliyekuwa amefanya kazi kiwandani humo na ambaye mwanawe aliugua, ndiye aliyeanza kupiga kelele. Kesi ilifunguliwa 2016. Haki ya kusimama haikuwa tatizo. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikawapa wakazi shilingi bilioni 1.3, na NEMA, ile ile iliyoundwa na sheria ya 1999 itulinde, ikabebeshwa sehemu kubwa kuliko wote, hata kuliko kiwanda.

Rufaa ikakatwa. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaifuta fidia na kutaka hesabu ianzwe upya. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hukumu ile ya kwanza, ya 2020, ilikuwa imeagiza pesa zilipwe ndani ya siku 90.