Mji Ulio Mlangoni mwa Boston: Historia ya Somerville

Wengi wetu tunajua maana ya kukaa kando ya mji mkubwa. Mtu wa Katuba au wa Ruashi kule Lubumbashi, mtu wa Kadutu kule Bukavu, huamka kabla ya jua, hushuka mjini kutafuta riziki, na jioni hurudi kulala. Mjini ndiko kuna ofisi za Serikali, benki na maduka makubwa. Kwake kuna nyumba, watoto na njia ndefu. Pengine tunadhani shida hiyo ni ya kwetu peke yetu. Sivyo. Leo tunataka kueleza habari za mji mmoja wa Marekani ambao umekaa mlangoni mwa mji mkuu wa jimbo tangu zamani sana. Wakatoliki wamelia humo. Tena jambo linalowasumbua wakaaji wake siku hizi laweza kubisha hodi kwetu vilevile.

Mji huo ni Somerville, katika jimbo la Massachusetts, upande wa kaskazini-mashariki wa Marekani. Mji mkuu wa jimbo ni Boston, penye bahari. Toka jumba la Serikali la Boston mpaka Somerville ni mwendo wa kilometa 4 hivi. Mtu mwenye miguu mizuri atafika kabla maharagwe hayajaiva. Hata hivyo Somerville si Boston. Una meya wake, polisi wake, shule zake na kodi zake. Nchi yake ni ndogo mno, kilometa za mraba 11 tu.

Zamani nchi ile ilikuwa ya wenyeji wa kabila la Massachusett, ambao jina lao limebaki katika jina la jimbo, ingawa nchi yenyewe waliipoteza. Waingereza walisimamisha Boston mwaka 1630. Mwaka uliofuata gavana wao, John Winthrop, alipewa shamba kubwa kando ya mto Mystic, mahali panapoitwa mpaka leo Ten Hills, maana yake Vilima Kumi. Basi mambo yalianza hivyo: utawala mjini, shamba huku nje.

Baadaye watawala walihitaji mahali pa kuweka baruti ya jimbo. Nani anapenda kulala na pipa la baruti chini ya kitanda? Waliiweka huku nje, ndani ya kinu cha upepo cha zamani kilichojengwa kwa mawe. Tarehe 1 Septemba 1774 askari wa mfalme wa Uingereza walikuja kwa mashua kutoka Boston, wakaichukua baruti yote. Habari hiyo iliwasha hasira ya wakulima, na mwaka uliofuata vita vya uhuru vilianza. Kinu kile kingali kimesimama. Tumekitaja kwa sababu desturi ile haikuisha: kitu ambacho mji mkuu haukitaki karibu yake, hupelekwa kwa jirani.

Sasa tufike kwenye habari ya uchungu. Masista wa Mtakatifu Ursula walianza shule yao Boston mwaka 1820. Nyumba yao ilikuwa finyu, na kifua kikuu kikawaua baadhi yao. Mwaka 1826 Askofu Benedict Fenwick aliwahamisha nje ya mji, juu ya kilima kilichokuwa wakati ule katika nchi ya Charlestown. Kilima kikaitwa Mount Benedict, yaani Mlima wa Benedikto. Huko hewa ilikuwa safi, bustani ilikuwa nzuri, na masista wakajenga nyumba kubwa ya matofali. Wasichana wengi waliosoma kwao hawakuwa Wakatoliki. Walikuwa watoto wa matajiri Waprotestanti wa Boston, ambao wazazi wao walitaka wafundishwe vizuri.

Chini ya kilima walikaa watu wa namna nyingine kabisa. Udongo wa pale ulikuwa mzuri kwa matofali, na Boston ilikuwa ikijengwa upesi. Vijana maskini wakaja kutoka mashambani, hasa kutoka jimbo la New Hampshire, wakafyatua na kuchoma matofali kwa mshahara mdogo. Waliwaona watoto wa matajiri wakipanda kilimani kwa magari ya farasi. Waliwaona pia Wakatoliki wa Ireland wakifika na kukubali kazi kwa malipo madogo zaidi. Tena kila siku walisikia wakihubiriwa kwamba Papa ni adui wa uhuru. Kuni zilikuwa tayari; ilibaki kiberiti.

Mwezi wa Julai 1834 sista mmoja, Elizabeth Harrison, alitoka katika nyumba akiwa amechoka sana akilini, kisha akarudi kwa hiari yake. Uvumi ukasema amefungwa chini ya nyumba kwa nguvu. Tarehe 11 Agosti wakubwa wa Charlestown walikwenda kutazama. Walipita kila chumba, yeye mwenyewe akawaongoza, wasione neno lolote baya. Waliandika ushuhuda wao ili utoke katika magazeti asubuhi ya kesho. Lakini usiku uleule kundi la watu lilipanda kilima, likachoma mapipa ya lami kuwa ishara, likavunja milango na kuitia moto nyumba yote. Wazima-moto walifika, wakasimama kutazama. Masista na wasichana 50 hivi walitoroka kupitia bustani, usiku, wakikimbilia kwa majirani. Wabaya wale hawakuheshimu hata kaburi la masista waliokufa.

Moto ulionekana kutoka Boston. Hakuna askari aliyetumwa. Kesho yake wakubwa wa mji mkuu walikutana, wakalaani tendo lile kwa maneno mazuri. Watu 13 walishtakiwa. Aliyepatikana na hatia ni mmoja tu, kijana wa miaka 16, naye akasamehewa. Baraza la jimbo liliombwa mara nyingi lilipe hasara. Halikuilipa. Gofu la nyumba lilibaki juu ya kilima kwa miaka 40, na kila mtu aliyepita njia kuu aliliona. Sisi tunadhani gofu lile lilifundisha Wakatoliki wa Massachusetts somo moja gumu: kukaa karibu na Serikali si sawa na kulindwa na Serikali.

Miaka minane baadaye wakulima wa huku nje nao walichoka, kwa sababu nyingine. Walilipa kodi Charlestown, na fedha ikatumika kutengeneza mambo ya Charlestown. Tarehe 3 Machi 1842 walijitenga, wakapata mji wao na jina jipya, Somerville. Walikuwa watu 1,013. Ajabu ni hii: mwaka 1874 Boston ilimeza Charlestown, kama ilivyomeza Roxbury na Dorchester kabla yake. Mama akamezwa, binti akabaki huru.

Lakini uhuru wa namna gani? Reli kutoka Boston kwenda Lowell ilifunguliwa mwaka 1835, ikipita katikati ya nchi hiyo, na nyingine zikafuata. Wakati uleule njaa kubwa ya Ireland, iliyoanza mwaka 1845, ilileta Wakatoliki wengi mno. Walishika kazi zilezile za matofali, kazi za reli, na kazi za kuchinja nguruwe katika viwanda vya nyama. Kijito kilichopita karibu na viwanda vile kilinuka vibaya hata kikafukiwa kwa udongo wa kilima kingine, Prospect Hill. Na kilima cha masista? Kanisa liliuza mahali pale mwaka 1875, kilima kikachimbwa kidogo kidogo hata kikawa tambarare, nyumba za watu zikajengwa juu yake. Sehemu ya matofali ya nyumba iliyochomwa ilipelekwa Boston ikatiwa katika mlango wa kanisa kuu la Msalaba Mtakatifu. Matofali ya Somerville yalijenga Boston kwa maelfu na maelfu. Haya machache yalikwenda kwa sababu nyingine.

Basi mji ukajaa. Mwaka 1870 kulikuwa na watu 14,685. Mwaka 1900 walikuwa 61,643. Mwaka 1930 walifika 103,908, maana yake karibu watu 10,000 katika kila kilometa ya mraba. Waliwezaje kukaa? Tramu za farasi, kisha tramu za umeme, ziliwapeleka Boston kazini na kuwarudisha jioni. Na nyumba zilijengwa kwa namna yenye akili sana, ambayo twataka kuieleza. Ni nyumba ya mbao yenye ghorofa tatu, nyembamba, na kila ghorofa ni makao kamili ya jamaa moja: jiko, vyumba vya kulala, baraza ya mbele. Mfanyakazi aliyeweza kukopa alinunua nyumba nzima, akakaa ghorofa moja, akapangisha mbili. Kodi ya wapangaji ilimsaidia kulipa deni. Mara nyingi wapangaji walikuwa ndugu zake: nyanya chini, mjomba juu, watoto wakipanda na kushuka ngazi siku nzima. Mtu asiyekuwa tajiri akawa mwenye nyumba, na mgeni aliyefika jana akapata mlango wa kuingilia. Waireland walikaa hivyo, kisha Waitalia, Wareno na wengine. Nyumba nyingi za namna hii zingali zimesimama, na ni hizo zinazogombaniwa leo.

Kazi nazo zilikuwepo karibu. Kiwanda cha magari cha Ford kilifunguliwa Somerville mwaka 1926. Kilifungwa mwaka 1958. Wenye uwezo walinunua magari, wakahamia miji ya mbali yenye nafasi. Tramu ziliondolewa, na vituo vya zamani vya gari la moshi vikafungwa. Gari likapita katikati ya mji bila kusimama. Kisha jimbo likajenga barabara kubwa ya magari, iliyoinuliwa juu ya nguzo, ikapasua upande wa mashariki wa mji. Ilimalizika mwaka 1973. Nyumba nyingi zilibomolewa. Magari ya watu wa mbali yalipita juu kwenda Boston, moshi na kelele vikashuka kwa waliokaa chini. Mnakumbuka baruti ndani ya kinu. Mwaka 1980 wakaaji walikuwa 77,372 tu, na watu wa mjini waliuita Somerville mahali pa kudharauliwa.

Kwa sababu ulidharauliwa, kodi ilikuwa nafuu. Na kwa sababu kodi ilikuwa nafuu, wageni wapya waliweza kuingia: Wasalvador waliokimbia vita vya kwao, Wahaiti, Wabrazili. Mwaka 1987 mji ulitangaza kwamba utakuwa kimbilio la wakimbizi. Katika parokia ya Mtakatifu Benedikto, si mbali na mahali palipokuwa na kilima cha masista, ikaanza kusomwa Misa kwa Kihispania. Zile ghorofa tatu zikafanya tena kazi yake ya kale.

Tarehe 8 Desemba 1984 gari la umeme linalopita chini ya ardhi lilifika Davis Square, upande wa magharibi wa mji. Sasa mtu aliweza kufika katikati ya Boston upesi. Watu walifurahi, nao walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini wenye mishahara mikubwa waliona jambo hilo pia. Mwaka 1994 wapiga kura wa jimbo lote walifuta sheria zilizowekea mpaka kodi za nyumba katika Boston, Cambridge na Brookline, na wapangaji waliofukuzwa na bei huko walitafuta nyumba kwa jirani. Kodi za Somerville zikapanda pamoja nao.

Upande wa mashariki ulingoja zaidi. Mwaka 1990 jimbo, lilipotaka kuchimba barabara kubwa chini ya Boston, liliahidi kupeleka reli ya umeme mpaka Somerville na Medford, kuwa malipo kwa moshi utakaowaangukia watu. Ahadi hiyo ilicheleweshwa miaka 32. Wakaaji hawakunyamaza: walifanya mikutano, waliandika barua, waliokuwa vijana wakawa wazee. Mwaka 2022 reli ilifunguliwa, tawi moja Machi, la pili Desemba, ikifuata kwa sehemu kubwa njia ileile ya gari la moshi la mwaka 1835. Safari hii gari linasimama.

Tusiwalaumu waliodai reli. Mtu anayevuta moshi wa wengine ana haki ya kupanda gari. Tena wakubwa wa mji walijua hatari. Mwaka 2016 waliagiza kwamba katika majengo makubwa mapya makao 20 katika kila 100 yawe ya bei ambayo watu wa kipato kidogo wanaweza kulipa. Ni sheria nzuri. Ila ilihusu majengo mapya, na watu wengi wa kazi hukaa katika nyumba za mbao za zamani. Kabla reli haijafika, wanunuzi walikuwa wameisha kufika. Mwenye nyumba mzee akifa, watoto wakiuza, mnunuzi hukarabati ghorofa zote tatu na kuuza kila moja peke yake, kwa bei ambayo zamani ingenunua mtaa mzima. Jamaa ya mpishi au mfagiaji wa ofisi hufunga mizigo.

Huenda wapi? Huenda mbali kidogo, Malden, Lynn, au ng'ambo ya mto Mystic, Everett. Huko Everett reli ya umeme ya Boston iliondolewa mwaka 1975. Watu hungoja basi.