Nguzo Iliyoolewa, Vigango Vilivyorudi

Pembetatu ndizo zilizonisimamisha. Katika bustani ya utamaduni wa wenyeji wa Taiwan, iliyofunguliwa mwaka 1987 huko Majia, Pingtung, zimejengwa nyumba za Wapaiwan kwa vibamba vya mawe meusi. Kwenye boriti ya nyumba ya chifu ametambaa nyoka wa kuchongwa, mgongo mzima pembetatu tupu. Ni nyoka wa hatua mia: akikuuma, wanasema, hupigi hatua ya mia moja na moja. Wapaiwan humwita vulung, yaani mzee, na katika simulizi zao ndiye mlinzi wa mayai walimotoka mababu wa machifu. Ndiyo maana mtu wa kawaida hakuruhusiwa kumchonga.

Pembetatu hizo nilizizoea pwani ya Kenya. Kigango cha Wagiriama, nguzo ya kumkumbuka marehemu, kina uso wa duara na mwili bapa kama ubao, na kifuani pembetatu ndogondogo zilizochimbwa kwa ncha ya kisu, safu kwa safu, zikatiwa rangi. Nacho hakisimamishwi kwa kila marehemu; ni haki ya mzee wa Gohu, chama cha wazee. Wengine huwekewa koma, kigingi kifupi tu. Sidai mafundi hawa waliwahi kuonana. Lakini kote kuwili, mti ukishachongwa ni mtu.

Tofauti iko mahali pa kumweka. Mpaiwan alimweka babu ndani. Zamani hata maiti ilizikwa chini ya sakafu. Mgiriama humsimamisha nje, na watu wakihama, kigango hakihami. Wezi wakakuta mlango wazi: vigango vikauzwa kwa watalii, vingi vikaishia Marekani. Nyumbani, mvua ikikataa na watoto wakiugua, wazee walijua sababu.

Wapaiwan nao walipoteza. Nguzo ya bibi yao Muakaikai, wa kijiji cha Kaviyangan, ilichukuliwa enzi ya ukoloni wa Wajapani ikawekwa chuo kikuu, Taipei. Mwaka 2015 wanakijiji hawakuirudisha, walimwoza. Chuo kikawa bwana harusi, na wakwe hawaachani hivi hivi. Nilipenda busara hiyo kuliko nyumba zote za bustanini, maana bibi akiolewa bado ana kwao.

Upande wa vigango, mwaka 2023 jumba la makumbusho la jimbo la Illinois lilirudisha Kenya vigango 37. Vilipokelewa Nairobi, mwendo mrefu kutoka Kilifi, kwao Wagiriama. Vigango vingi vilivyoporwa havina kumbukumbu ya boma vilikong'olewa, na aliyesimamishiwa hana wa kumwita jina.