Anurisimu ya Rasmussen

Anurisimu ya Rasmussen ni uvimbe wa tawi la ateri ya pafu unaotokea ndani au kando ya ukuta wa pango la kifua kikuu (TB). Ukipasuka, mgonjwa hukohoa damu nyingi kwa ghafla. Jina limetokana na Fritz Valdemar Rasmussen, tabibu wa Copenhagen aliyeueleza mwaka 1868. Mwaka 1939 Oscar Auerbach wa Marekani alichapisha uchunguzi wa maiti 1,114 za wagonjwa wa kifua kikuu cha mapafu. Anurisimu ilionekana katika 45, yaani kama 4 kwa 100. Baada ya dawa za TB kuenea, imekuwa adimu.

Chanzo

Ugonjwa wa TB hula ukuta wa ateri kutoka nje kwenda ndani. Tabaka imara hubadilika kuwa nyama laini ya kidonda, kisha utando dhaifu tu wa fibrini, na msukumo wa damu huusukuma utokeze kuelekea pangoni. Hutokea zaidi sehemu za juu za mapafu.

Mashamba na ukanda wa shaba

Mahali pamoja penye hatari ya TB ni Mashamba, machimbo ya wazi ya shaba na kobalti karibu na Kolwezi, mkoani Lualaba, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Katika miamba ya huko, tabaka mbili za madini hutenganishwa na mwamba wenye silika nyingi na vitundu, ambao wanajiolojia huuita RSC. Kuutoboa na kuulipua hutoa vumbi laini linalofika hadi vifuko vya hewa. Silika hudhoofisha seli zinazomeza vimelea vya TB, na hatari hiyo haiishi mtu anapostaafu. Kongo tayari iko katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye mzigo mkubwa wa TB. Kwa hiyo mchimbaji wa zamani anayekohoa damu anastahili kuchunguzwa kwa makini, hata kama alikwisha kutibiwa TB miaka iliyopita.

Utambuzi

Ugumu ni huu: takriban 90 kwa 100 ya damu nyingi ya kukohoa hutoka ateri za bronki, na ni kama 5 tu hutoka ateri ya pafu. Daktari akichunguza ateri za bronki pekee, ataikosa anurisimu hii. Eksirei huonyesha pango, wakati mwingine na kivimbe ndani yake kinachokua. Kivimbe hicho hudhaniwa kuwa fangasi wa aspergilasi au saratani. Kukichoma sindano au kukikata kipande kwa bronkoskopu ni hatari kubwa. Kipimo cha kuamua ni CT skani ya mishipa yenye dawa ya kung'arisha: kivimbe hung'aa sawasawa na ateri iliyo jirani. Skani isiyo na dawa hiyo haitoshi. Makohozi yasiyo na vimelea hayaondoi uwezekano wa anurisimu, kwa kuwa pango lililopona laweza kubaki nayo.

Tiba

Kinachoua kwanza ni kukosa hewa, kwani njia kubwa za hewa hubeba mililita 150 hivi tu. Mgonjwa hulazwa kwa upande wa pafu linalovuja, ili lile zima libaki juu; hupewa oksijeni, na ikibidi bomba la hewa huelekezwa pafu zima. Asidi ya traneksami husaidia kupunguza damu.

Kuziba ateri za bronki, njia iliyoenezwa na Jacques Rémy wa Lille katika miaka ya 1970, hakutoshi hapa. Damu hurudi, na kurudi huko kwenyewe ni dalili kubwa. Katheta huingizwa kwenye vena ya kinena, ikapita moyoni hadi ateri ya pafu, na koili huachwa ndani ya tawi lenye uvimbe. Isipowezekana, sehemu ya pafu hukatwa.

Dawa za TB huendelea kwa miezi 6, au zaidi kwa TB sugu. Mgonjwa akipelekwa Lubumbashi, kilomita 300 hivi kutoka Kolwezi, njia ya hewa hulindwa kabla ya safari kuanza.