Mlima Ulioamua Kichwa cha Treni

Mkazi wa Mbwawa ana reli mbili za zamani upande wake. Reli ya Kati inapita Soga na Ruvu, na TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, inapita kusini zaidi, huko Mzenga wilayani Kisarawe. Hazilingani hata upana: ya kwanza ni milimita 1,000, ya pili 1,067. Ila tofauti iliyoniteka ilikuwa ndani ya vichwa vya treni. TAZARA ilianza kazi miaka ya 1970 kwa vichwa vya DFH kutoka China, vya dizeli-haidroliki, vyenye nguvu-farasi 2,000. Mwaka 1983 vikaja vya Magharibi, vya dizeli-umeme aina ya U30C, vya nguvu-farasi zipatazo 3,000. Wengi huyasimulia mageuzi hayo kama ushindani wa China na Magharibi. Mimi naona aliyeamua ni mlima.

Katika DFH, injini huzungusha pampu, pampu hurusha mafuta kwenye mapanga ya tabaini, na tabaini huzungusha shafti hadi magurudumuni. Treni nzito ikipanda polepole, mafuta hayo huvurugika bure na kuchemka, na joto lazima litolewe kwa rejeta. Kwenye U30C injini huzalisha umeme tu, na nyaya huupeleka kwa mota sita, moja kwa kila ekseli. Mota moja ikiharibika hukatwa, safari ikaendelea kwa zilizobaki. Sasa chukua kipande cha TAZARA kinachopanda milima kutoka Mlimba hadi Makambako, chenye mahandaki 18: mzigo mzito, mwendo mdogo, hewa ya moto handakini. Ni mahali pabaya kuliko pote kwa mafuta yanayochemka.

Wapo wanaosema tatizo la DFH lilikuwa vipuri na uhaba wa fedha za kigeni. Hoja hiyo ni nzito, na hata vichwa vya U30C baadaye vililala karakanani kwa kukosa vipuri. Lakini uhaba unaeleza kwa nini kichwa kimesimama. Hauelezi kwa nini kichwa kilichotoka karakanani kikiwa salama kielemewe na mlima uleule. Tena kasoro hii haina taifa. Mwaka 1961 reli ya Denver & Rio Grande Western, Marekani, ilipokea vichwa vitatu vya haidroliki vya Krauss-Maffei ya Ujerumani; milima ikavishinda, vikauzwa 1964. Na hizo U30C, ingawa ni muundo wa General Electric ya Marekani, ziliundwa na Krupp, Ujerumani hiyohiyo. DFH nazo zitendewe haki: nchi tambarare, mathalani huko Mzenga, haikuzitesa hivyo, na zilibeba miaka ya mwanzo ya reli ambayo Zambia iliihitaji mno. Miongo kadhaa baadaye China ilipoipatia TAZARA vichwa vipya, SDD20, navyo vilikuwa vya dizeli-umeme.