Gugu Maji na Ujirani wa Ziwa Viktoria

Katika Afrika hapana ziwa lipitalo Ziwa Viktoria kwa ukubwa. Eneo lake ni kiasi cha kilometa za mraba 68,800, nazo zimegawanywa baina ya nchi tatu: Tanzania ina karibu nusu, Uganda ina sehemu ipungukayo nusu kidogo, na Kenya ina asilimia 6. Mipaka hiyo ilichorwa kwa kalamu juu ya karatasi. Majini haina alama. Upepo hausimami mpakani kuulizwa cheti, na kila kieleacho huenda uendako upepo. Historia ya gugu maji ni historia ya majirani watatu waliojifunza jambo hilo kwa gharama kubwa.

Somo la kwanza, hata hivyo, lilitolewa na samaki. Mwaka 1947 serikali za kikoloni za Afrika Mashariki zilianzisha taasisi ya pamoja ya utafiti wa uvuvi huko Jinja. Wakati huo ngege, samaki aliyependwa kuliko wengine, alikuwa akipungua kwa kuvuliwa kupita kiasi, na wakuu wengine wa uvuvi walitaka sangara atiwe ziwani ili ale furu, samaki wadogo wasiokuwa na thamani sokoni, awageuze kuwa nyama yenye bei. Geoffrey Fryer, mtaalamu wa taasisi ya Jinja, aliandika mwaka 1960 kuonya juu ya hatari ya shauri hilo. Onyo lilichelewa. Mwaka huohuo sangara alikwisha kuonekana ziwani, na mwaka 1962 na 1963 wakatiwa wengine rasmi. Katika miaka ya 1980 sangara aliongezeka mno, na aina nyingi za furu, ambazo hapana mahali pengine duniani zilipopatikana, zikatoweka. Lakini sangara alileta viwanda, ajira na fedha za kigeni. Kwa hiyo hapana serikali iliyomtangazia vita. Kutokana na kisa hiki yafaa kukumbukwa kuwa taasisi ya pamoja ilikuwapo, na elimu ilikuwapo. Kilichokosekana ni amri. Aliyejua hakuwa na uwezo wa kuzuia, na mwenye uwezo hakulazimika kusikiliza.

Gugu maji asili yake ni Amerika ya Kusini. Ua lake la zambarau lina uzuri wa kuvuta macho, na kwa uzuri huo lilichukuliwa na watu nchi hata nchi kupamba bustani na vidimbwi. Katika miaka ya 1950 lilikuwa limekwisha kuingia katika Mto Kongo. Mwaka 1955 lilionekana katika Mto Sigi karibu na Tanga, mwaka 1958 katika Mto Nile Mweupe nchini Sudan, na mwaka 1959 katika Mto Pangani. Ziwa Kyoga lilipatwa mwaka 1988. Mwaka 1989 gugu likaonekana katika Ziwa Viktoria upande wa Uganda, na kabla ya 1990 kwisha habari zake zilikuwa zikisikika katika pande zote tatu. Mto Kagera, utiririkao kutoka Rwanda na Burundi, uliendelea kuleta mimea mipya kila siku. Mmea huu ukipata joto na maji yenye rutuba huweza kuongezeka maradufu kwa muda wa kama majuma mawili, na mbegu zake hulala topeni hata miaka 20 zikingoja kuamka.

Adui huyu alikuja wakati mbaya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, na taasisi ya Jinja ikagawanyika pamoja nayo: Kenya, Tanzania na Uganda kila moja ikawa na watafiti wake na vitabu vyake. Mwaka 1980 iliundwa kamati ndogo ya uvuvi wa ziwa chini ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Kamati hiyo ilikuwa na kazi ya kushauri, nayo haikuwa na fedha wala mashua za kupambana na zulia la majani. Kwa hiyo gugu lilipofika lilikuta nyumba yenye milango mitatu isiyokuwa na bawabu mmoja.

Madhara hayakukawia. Bandari za Kisumu, Port Bell na Mwanza zilizibwa. Njia za maji ya mitambo ya umeme huko Jinja ziliingiwa na majani. Mvuvi aliamka akakuta mtumbwi wake umefungwa ufukweni kana kwamba umepandwa bustanini. Katika mizizi walijificha konokono wabebao kichocho, na chini ya majani samaki walikosa hewa. Kila nchi ilitafuta dawa yake. Wengine walitaka mashine, wengine mikono na mapanga, wengine sumu. Shauri la kunyunyiza sumu lilipingwa vikali nchini Uganda, kwa maana maji hayo ndiyo yaliyonywewa na watu, na samaki wake waliuzwa Ulaya. Tena, sumu imwagwayo katika ghuba ya mmoja haikuahidi kubaki kwake.

Mwaka 1994 ndipo majirani walipoketi tena pamoja. Tarehe 30 Juni mwaka huo, mjini Kisumu, walitia sahihi mkataba wa kuanzisha Shirika la Uvuvi la Ziwa Viktoria, na tarehe 5 Agosti, mjini Dar es Salaam, wakapatana juu ya mradi wa kuhifadhi mazingira ya ziwa. Mradi huo ulianza kazi mwaka 1997 kwa fedha za Benki ya Dunia na Mfuko wa Mazingira wa Dunia. Silaha yake kubwa ilikuwa mbavakavu wawili wadogo, ambao nao asili yao ni kule gugu lilikotoka. Mbavakavu mzima hula jani. Buu wake hutoboa shina, maji yakaingia, na mmea ukazama. Uganda ilikuwa imewaachia katika Ziwa Kyoga mwaka 1993 na katika Ziwa Viktoria mwaka 1995. Mwaka 1997 Kenya na Tanzania zikafanya vivyo hivyo katika pande zao za ziwa. Wavuvi na wanavijiji wa pwani za ziwa walifundishwa kuwafuga wadudu hao katika matangi na kuwapeleka majini.

Mwaka 1998 Ghuba ya Winam peke yake ilifunikwa na zaidi ya hekta 17,000 za gugu. Mwaka 2000 zilibaki hekta mia chache. Wataalamu wameshindana juu ya sababu. Baadhi yao husema sifa ni ya mbavakavu; wengine husema mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998, pamoja na mawingu na mawimbi yake, ndizo zilizoudhoofisha na kuuvunja mmea. Yawezekana mdudu alitoboa na wimbi likavunja. Lakini wimbi halitumwi na mtu, na mdudu hutumwa. Na alitumwa katika pande zote tatu. Kama nchi moja ingaliacha ghuba zake, upepo ungaliwarudishia wenzake gugu lilelile waliloling'oa.

Awamu ya kwanza ya mradi ilikwisha mwaka 2005. Mvua kubwa za mwisho wa mwaka 2006 zilishusha ziwani udongo na rutuba ya mashamba, na mwaka 2007 gugu likatanda tena Winam. Mbegu zilikuwa zimengoja. Watu walikuwa wametawanyika. Mwaka huohuo Rwanda na Burundi ziliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyofufuliwa, na awamu ya pili ya mradi, iliyopitishwa mwaka 2009, ikazihesabu na nchi hizo ambako Kagera huanzia. Hatua hii ilikuwa ya busara, kwa maana afagiaye uani na mlango wa nyuma u wazi hufagia mchana kutwa.

Leo Kamisheni ya Bonde la Ziwa Viktoria iko Kisumu, na Shirika la Uvuvi liko Jinja. Wakati wa sangara palikuwa na elimu bila amri. Gugu lilipoingia, baraza lenye nguvu halikuwapo. Na lilipopungua, palikuwa na mapatano yaliyotegemea fedha za muda. Mradi una mwaka wa kwisha, na mbegu iliyo topeni haina kalenda. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa ziwa hili huzibwa kila msimu, kwa fungu la fedha la kudumu kutoka hazina za nchi zenyewe, na kwa kupunguza taka za miji na rutuba ya mashamba ilishayo gugu. Serikali itakayochoka kuuziba itawachosha na jirani zake.