Jinsi ya kufuatilia kesi za mataifa The Hague kwa njia ya intaneti

Mwananchi wa Afrika Mashariki anayetaka kusikia kwa masikio yake namna mataifa yanavyoshitakiana hahitaji viza wala nauli ya kwenda The Hague, Uholanzi. Mahakama ya Kimataifa ya Haki (ICJ), chombo kikuu cha sheria cha Umoja wa Mataifa, hurusha vikao vyake vya hadhara moja kwa moja kupitia intaneti, bila malipo, kwa Kifaransa na Kiingereza.

Mahakama hiyo isichanganywe na Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu (ICC), iliyopo katika mji huo huo. ICC huhukumu watu binafsi, ilhali ICJ husikiliza mashauri baina ya mataifa.

Anayetaka kutazama afungue tovuti ya mahakama, icj-cij.org, na kusoma taarifa kwa vyombo vya habari zinazotaja siku na saa ya kikao. Saa zinazotajwa ni za The Hague. Kikao cha saa 4 asubuhi huko huanza saa 5 asubuhi kwa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Miezi iliyosalia huanza saa 6 mchana. Kwa wakazi wa Bunia na Goma, ipunguzwe saa moja.

Siku ya kikao, mtazamaji huchagua lugha anayoielewa. Mawakili huzungumza kwa mojawapo ya lugha hizo mbili, na wakalimani hutafsiri papo hapo. Kiswahili hakimo miongoni mwa lugha rasmi za mahakama. Matangazo hayo hupatikana pia katika tovuti ya televisheni ya Umoja wa Mataifa, webtv.un.org, na aliyekosa kikao anaweza kutazama rekodi yake baadaye.

Ambaye intaneti yake ni ya kasi ndogo asikate tamaa. Mahakama huchapisha katika tovuti yake kumbukumbu za maandishi, neno kwa neno, za yote yaliyosemwa. Hizo ndizo zinazofaa kunukuliwa, si sauti ya mkalimani, ambaye hutafsiri kwa haraka na aweza kuteleza.

Umuhimu wa huduma hii ulionekana Aprili 2021, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Uganda zilipobishana kuhusu fidia ya madhara ya vita vya Ituri na Kisangani. Kongo ilidai zaidi ya dola bilioni 11 za Marekani. Februari 9, 2022, mahakama iliamuru Uganda ilipe dola milioni 325: milioni 225 kwa madhara yaliyowapata watu, milioni 40 kwa mali na milioni 60 kwa maliasili.

Aliyeona kiasi hicho tu kwenye vichwa vya habari huenda alishangaa. Aliyefuatilia vikao alikwisha kusikia majaji wakielezwa ushahidi uliopo na uliokosekana. Hukumu za mahakama hii ni za mwisho na hazina rufaa. Kwa familia zilizopoteza ndugu Ituri na Kisangani, kusikiliza kikao ni njia ya kujua ni nini kilichosemwa kwa niaba yao kabla mlango haujafungwa.